Jinsi ya kuacha kutupa chakula nyumbani hata kama wote mko bize: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila wiki. Nimeenda soko Jumamosi, Jumatano mchicha umeshakuwa majimaji, nakosea wapi? Wali wa jana bado unalika? Watoto wanaacha nusu sahani kila siku, nifanyeje? Friji yangu ndogo, naanzia wapi? Basi nimeona niyaweke majibu yote sehemu moja, kwa mpangilio, ili anayeanza leo ashike hatua ya kwanza ashuke nayo mpaka chini. Naandika nikiwafikiria watu wa nyumba kama za hapa Dar, baba na mama wote wanatoka alfajiri kuwahi foleni, watoto shule, dada wa kazi anabaki na nyumba, mnakuja kukutana usiku kila mtu hoi.

Jambo moja tu ukilishika mengine yanakuwa mepesi: chakula kingi tunachotupa kilipikwa kwa ajili ya mtu ambaye siku hiyo hakula nyumbani, au kilinunuliwa kwa ajili ya siku ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kukipika. Kuoza kunakuja baadaye. Na hii sio shida ya nyumba yako peke yako, ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, sio mahotelini wala supamaketi. Majumbani. Nadharia inatosha, tuingie kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi na peni, vibandikwe kwenye mlango wa friji au ukutani jikoni, sio vikae kwenye droo
- Kikombe kimoja cha kupimia, cha robo lita, ambacho hakitoki jikoni na hakibadilishwi
- Makontena yenye mifuniko inayobana, hata yale ya aiskrimu yanafaa, ila usimimine humo chakula cha moto
- Vifuko vya kugandishia
- Seloteipu ya karatasi na maka peni, hivi viwili usiviache, utaona kwa nini
- Magazeti ya zamani au vitambaa vya pamba
- Kikapu chenye matundu au neti kwa ajili ya vitunguu
- Grupu la WhatsApp la watu wa nyumbani, dada akiwemo

Usianze kwa kukimbilia dukani kununua seti za makontena ya bei, mtu anatumia hela nyingi kwenye vyombo alafu wiki mbili baadaye vyombo vimejaa vitu vilivyoota ukungu. Anza na ulivyonavyo.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza angalia tu

Usibadilishe chochote. Kila kinachotupwa kiandikwe pale kwenye karatasi: nini, kiasi gani kwa kukadiria, na kwa nini. "Wali nusu sufuria, baba alirudi ameshakula." "Nyanya tano, zilikandamizwa na viazi." "Maziwa, yalisahaulika nje." Sababu ndo ya muhimu kuliko kiasi, manake mwisho wa wiki utakuta vitu vitatu au vinne vinajirudia, na hivyo ndo unaanza navyo.

Onyo: usiifanye hii karatasi iwe ya kesi. Dada akiona kila anachoandika anasemwa, ataacha kuandika na vitu vitaendelea kutupwa kimya kimya. Mwambie mapema, dada yangu hii sio ya kukukagua, tunataka sote tujue hela inaishia wapi, na wewe mwenyewe uandike vyako, na baba hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Jua nani anakula nyumbani leo

Hii peke yake inapunguza sana. Mnapika kwa ajili ya watu sita kwa sababu nyumba ina watu sita, lakini kiukweli mmoja kala kwa mama ntilie saa tisa na hana njaa, mwingine ana kikao mpaka usiku, mtoto mkubwa ana mazoezi shuleni na wamepewa chakula. Kwahiyo wanaokula ni watatu na chakula ni cha sita.

Saa kumi jioni, kabla sufuria halijabandikwa, itumwe meseji moja kwenye grupu: leo nani anakula nyumbani? Anayekula anajibu, asiyejibu hahesabiwi. Mwanzoni watu watasahau kujibu na mmoja atakuja akute hakuna, mkaangie yai maisha yaendelee, kesho atajibu. Usipike "cha tahadhari" kwa ajili ya wasiojibu, ukifanya hivyo utaratibu wote umekufa hapo hapo.

Hatua ya 3: Pima, acha kukadiria kwa macho

Kile kikombe cha robo lita kinabeba mchele kama gramu 200, yaani vikombe vitano ni kilo moja hivi. Kianzio ni kilo moja kwa watu wazima wanane, ambayo ni kama vikombe vitatu kwa watu watano, na watoto wadogo wawili wahesabu kama mtu mzima mmoja. Kwenye ugali kilo moja ya unga anza na watu wanne mpaka watano. Hivi ni vianzio, nyumba yenye vijana wa sekondari haifanani na nyumba yenye watoto wa chekechea, kwahiyo kila ukipika andika ulipima vikombe vingapi na kilibaki kiasi gani. Ndani ya wiki chache mtakuwa na kipimo chenu, kiandikeni kikubwa mkibandike ukutani ili hata shangazi akija kukaa na watoto akikute.

Kosa linalojirudia hapa ni hofu ya kuonekana chakula kidogo. Tumelelewa kwamba sufuria lazima libaki na kitu, mgeni asije akatukuta hatuna, na hilo ni jambo jema sijalipinga. Ila mgeni wa ghafla anapikiwa vizuri zaidi kwa maharage yaliyoko kwenye friza kuliko kwa wali uliolala tangu mchana.

Hatua ya 4: Kabla ya soko, fungua friji

Piga picha ya ndani ya friji na ya kapu la mboga, uende nayo kwenye simu. Orodha yako ianze na vilivyopo: kuna karoti na nusu kabichi, basi wiki hii kuna siku ya kabichi. Alafu panga siku nne tu za mapishi, usipange saba. Wiki ya familia iliyo bize haiishi bila siku moja ya kula nje, siku moja ya viporo na siku moja ambayo mambo yameharibika tu, ukinunua vitu vya siku saba vya siku tatu vinaenda jalalani.

Bei ya jumla ni nzuri na ndo mtego wenyewe. Ukienda Ilala au Mabibo ukakuta sado la nyanya bei ya kutupa, jiulize swali moja, leo hii nina muda wa kuzichemsha? Kama jibu ni hapana chukua fungu, au nunua na jirani mgawane, majirani wawili watatu kugawana tenga moja ni kitu kinachofanyika siku nyingi na kinasaidia kweli. Na usinunue vyote vilivyoiva. Parachichi, ndizi, nyanya, maembe, chagua vya leo, vinavyoanza kuiva na vibichi kabisa, vitaiva kwa zamu. Majani kama mchicha na matembele usiyanunue ya wiki nzima, genge lipo mtaani, chukua ya siku mbili.

Hatua ya 5: Ukirudi soko usiache mfuko sakafuni

Hapa ndo wengi wanapopotezea. Umerudi umechoka, mfuko unakaa jikoni mpaka kesho, nyanya chini viazi juu, na joto hili la kwetu. Tenga nusu saa siku hiyo hiyo, na kama huwezi mkubaliane na dada au watoto wakubwa wafanye wao, sio kazi ngumu.

Mchicha, matembele na majani mengine: usiyaoshe kabla ya kuhifadhi, maji ndo yanayoyaozesha. Toa yaliyonjano na yaliyochubuka, funga kwenye gazeti au kitambaa kikavu, weka droo ya chini ya friji. Yanaoshwa siku ya kupikwa. Ya kupikwa kesho na yana mizizi, yasimamishe kwenye jagi lenye maji kidogo, sehemu yenye kivuli.

Nyanya: zilizo ngumu zikae nje, zisilaliane, ukiziweka friji mapema haziivi vizuri na ladha inapotea. Zikishaiva kabisa ndo ziingie friji.

Vitunguu na viazi: viweke mbali mbali. Vikikaa pamoja viazi vinachipua na vitunguu vinaoza haraka. Vitunguu vinataka hewa, kwenye kikapu au neti. Viazi vinataka giza, vikipigwa na mwanga vinakuwa vya kijani, na sehemu ya kijani ina sumu ikatwe yote na nyama yake kidogo, kiazi kikiwa kijani sana au kichungu kisiliwe.

Matunda yanayoiva, hasa ndizi, parachichi na maembe, yanatoa hewa inayoivisha vitu vilivyo karibu nayo, kwahiyo usiyaweke na majani, karoti wala matango. Ukitaka kuharakisha parachichi lifunge na ndizi kwenye gazeti, ukitaka lisubiri likishaiva liingize friji.

Nyama na kuku: usigandishe kilo mbili donge moja, siku ukitaka nusu kilo utayeyusha zote. Gawa kwa sufuria, mfuko mmoja ni mlo mmoja, bapa bapa ili igande na iyeyuke haraka. Kuyeyusha ni ndani ya friji tangu usiku, sio juu ya meza mchana kutwa. Samaki wa Feri wasafishwe siku hiyo hiyo, wa leo wapikwe, waliobaki waingie friza au wakaangwe kabisa.

Hatua ya 6: Saa mbili za wikiendi

Huna haja ya kupika chakula cha wiki nzima, andaa tu vile vinavyochelewesha jiko. Chemsha maharage kilo moja, yapoe, gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja na mchuzi wake, gandisha. Nyanya zinazoelekea kulainika zisage, zichemshe mpaka zipungue maji, zikipoa gawa. Tangawizi na kitunguu saumu visage viingie kwenye trei za barafu. Tui la nazi lililobaki linaganda vizuri, linachacha haraka sana likikaa nje kwahiyo usilichezee. Mchicha uliozidi utumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, toa, tia maji ya baridi, kamua, tengeneza madonge, gandisha. Ndizi mbivu zilizoanza kuwa nyeusi zimenye, zigandishe, utazikandia maandazi au utazitia kwenye juisi.

Ukiwa na hivi kwenye friza, ile siku umefika saa tatu usiku hauagizi chipsi kuku huku mboga za friji zikiharibika, manake kupika kumekuwa dakika ishirini. Ndo maana naipenda hii hatua kuliko zote, inaokoa chakula na inaokoa mwili wako.

Kila mfuko uandikwe jina na tarehe. Friza lisilo na tarehe linageuka stoo ya vitu ambavyo hakuna anayevijua. Matango, saladi na viazi vibichi usigandishe, vinatoka vimelegea.

Hatua ya 7: Namna ya kupakua

Acheni kumpakulia mtoto sahani ya mtu mzima. Kidogo, akimaliza anaongezewa, mara nyingi anavyotaka. Mtoto anayejipakulia mwenyewe anaacha kidogo, tena mchague kijiko kidogo cha kupakulia badala ya upawa. Kilichobaki kwenye sufuria kisichoguswa kinahifadhiwa, kilichobaki kwenye sahani ya mtu hakirudi kwenye sufuria, kwahiyo kila kijiko unachobakiza sufuriani ni chakula bado.

Na mpeni nafasi mtoto aliyekula vitafunwa saa kumi na moja kusema sina njaa. Kumlazimisha haiongezi alichokula.

Hatua ya 8: Kuhifadhi kiporo bila kuumwa

Hapa nawaomba msome polepole. Kutunza chakula vibaya ni hatari kuliko kukitupa.

Hotpoti sio friji. Wali wa saa saba mchana uliokaa kwenye hotpoti mpaka saa mbili usiku umepita masaa mengi kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndo wadudu wanaupenda. Mchele una bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa nje zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka uungue. Kwahiyo wali utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja.

Vyakula vingine visikae nje zaidi ya masaa mawili, na siku zile za joto kali la Januari na Februari saa moja. Friji iwe nyuzi 4 au chini, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Maharage, mchuzi, nyama iliyopikwa, hesabu siku tatu. Sufuria kubwa la mchuzi usiliingize zima zima, gawa kwenye makontena mafupi ndo lipoe mpaka katikati.

Bandika seloteipu, andika siku. Weka mbele, usawa wa macho, sio nyuma ya chupa za maji. Ukipasha pasha mpaka kichemke katikati, mara moja tu, na pasha unachokula peke yake.

Hatua ya 9: Usiku wa kumaliza friji

Chagueni siku moja kabla ya siku ya soko, sisi huwa Ijumaa. Siku hiyo hakipikwi kipya mpaka vya zamani viishe. Wali wa jana kaanga na yai, karoti na hoho. Ugali ulioingia friji kwa wakati ukatwe vipande ukaangwe, na chai ya asubuhi hakuna kinachoushinda. Chapati zikate nyembamba ukaange na mboga. Mkate mkavu uchovye kwenye yai na maziwa. Karoti moja, nusu kabichi, hoho iliyonywea, nyanya mbili, vyote vinaingia sufuria moja na dagaa au tui. Ukiita usiku wa viporo watoto wananuna, ukiwaambia leo kila mtu anachagua anachotaka kwenye friji wanakimbilia.

Hatua ya 10: Maganda

Maganda hayakwepeki. Ndoo yenye mfuniko, uani kama mna nafasi, changanya maganda na majani makavu, isiwe majimaji, baada ya miezi mitatu hivi au zaidi mna mboji ya kupandia mchicha kwenye viroba. Jirani ana kuku, mpelekee. Nyama, mifupa na mafuta usitie, vinaita panya.

Ukikwama

*Umeme umekatika.* Usifungue fungue. Friji lililofungwa linahimili kama masaa manne, friza lililojaa kama masaa 48, la nusu kama 24. Likiwa na nafasi tupu weka chupa za maji zigande, zinasaidia. Nyama iliyoyeyuka ila bado ina barafu ndani ipike siku hiyo hiyo, iliyoshapata joto masaa mengi achana nayo.

*Sina friji kabisa.* Basi nguvu zako ziwe hatua ya 2, 3 na 4, nunua kwa siku, pika kwa kipimo kiishe, tegemea vitu vikavu: dagaa, choroko, kunde, maharage. Kukausha ni ujuzi wetu wa zamani, Wasukuma wana michembe ya viazi, Dodoma kuna mlenda mkavu, na maembe yaliyozidi yanakuwa achari. Kausha juani, funika na neti, hifadhi pakavu.

*Mume au mke hali kiporo.* Wengi kinachowashinda ni chakula kile kile kwa sura ile ile. Kibadilishe, maharage ya jana yaunge upya na nazi, nyama ya jana iingie kwenye pilau. Bado hataki? Pika kidogo zaidi, msigombane kwa hilo.

*Unga au karanga vimeota ukungu, nichambue?* Hapana. Mahindi na karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 ilileta vifo 125. Usile, na usiwape kuku wala ng'ombe, inarudi kwenu kwenye mayai na maziwa. Mkate ukiota ukungu upande mmoja tupa wote. Kinga yake ni kununua unga wa wiki mbili tatu na kuuweka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, juu ya kichanja, sio sakafuni.

*Tulianza vizuri, wiki ya tatu tumerudi kule kule.* Hapo mmejaribu kushika hatua zote kumi kwa pamoja. Rudini kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, angalieni kitu kimoja kinachotupwa zaidi, kama ni wali shikeni hatua ya 2 na 3 tu kwa mwezi mzima, mengine yaacheni kwanza.